Mada: Shule imeshika simu ya mwanangu, na namba za UKVI zinaingia humo

Mama Kijana, Coventry. Jumanne 10 Juni 2025, saa 3:40 usiku

Asalaam alaykum, na habari za jioni nyote.

Naomba msaada wa haraka. Kijana wangu yuko Year 9, darasa la watoto wa miaka 13 na 14. Jana kipindi cha pili simu yake ililia ndani ya begi. Hakuwa ameishika, lakini kwao sheria ni kwamba simu isionekane wala isisikike. Mwalimu akaichukua. Kwa kuwa ni mara ya tatu muhula huu, itakaa ofisini siku tano za shule, hadi Jumatatu ijayo. Mara mbili za mwanzo nilimgombeza mwenyewe, kwa hiyo sisemi mtoto ameonewa.

Shida ni kwamba akaunti yangu ya UKVI, ile ya viza mtandaoni, alinifungulia yeye, kule Desemba zile kadi za ukaazi, BRP, zilipokuwa zinaisha. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikamwambia nifanyie mwanangu, akaweka namba yake ya simu na barua pepe aliyoifungua yeye. Sasa viza yangu imeongezwa na kazini wanataka share code mpya, ile namba ya kuonyesha mtandaoni kwamba naruhusiwa kufanya kazi, kabla Ijumaa haijaisha. Nikijaribu kuingia, namba ya siri inatumwa kwenye simu ambayo iko ndani ya bahasha, ndani ya kabati la shule. Nikijaribu barua pepe kwenye kompyuta, nayo inataka uthibitisho kwenye simu hiyo hiyo.

Je, shule ina haki ya kukaa na simu siku tano? Na mimi mzazi naweza kwenda kuidai kabla ya Jumatatu? Leo nimepiga mapokezi, nikaambiwa nimwandikie msimamizi wa Year 9. Nimeandika. Kimya.

Baba Pacha, Reading. Jumanne, saa 4:15 usiku

Pole sana dada. Kwa wanangu kuna mifuko ya kitambaa kizito yenye kufuli ya sumaku. Mtoto anatumbukiza simu asubuhi, anabana, anakaa na mfuko wake siku nzima, na jioni anaugonga kwenye kidude kilichofungwa ukutani karibu na geti ndipo unafunguka. Wiki ya kwanza pacha wangu mmoja alitumbukiza simu mbovu ya zamani, ile nzima akaificha kwenye soksi. Aligundulika kwenye kipindi cha michezo. Niliitwa, nikapoteza nusu siku ya kazi.

Ushauri wangu: usiende na hasira. Nenda umevaa vizuri, na barua mkononi.

Dada wa Leeds. Jumanne, saa 4:32 usiku

Mama Kijana, mwambie HR wako, mtu wa ajira kazini, atumie ECS, huduma ya serikali ya kuwahakiki wafanyakazi. Mwajiri anathibitisha moja kwa moja Home Office, wizara ya mambo ya ndani, wanampa PVN, barua ya uthibitisho, huhitaji share code kabisa. Mwenzangu alifanyiwa hivyo mwaka jana.

Mzee wa Fomu, Slough. Jumatano 11 Juni, saa 12:10 asubuhi

Dada wa Leeds, tafadhali tusimpoteze mwenzetu. ECS ni kwa mtu ambaye ombi lake bado liko mezani, au rufaa. PVN inadumu miezi sita kwa sababu hiyo hiyo, ni ya kumshikilia mtu wakati anasubiri. Mama Kijana amesema viza IMETOKA. Mwajiri atarudishiwa jibu kwamba atumie share code, na siku zitakuwa zimeisha. Mwenzako mwaka jana alikuwa anasubiri, ndiyo maana ilimfaa.

Share code inayomhusu ni ile ya kazini, inayoanza na herufi W. Asije akatoa ya kupangia nyumba, inaanza na R, HR wakairudisha. Ikishatoka inadumu siku 90.

Dada wa Leeds. Jumatano, saa 12:25 asubuhi

Nimesoma, Mzee, na shikamoo. Nilikuwa najaribu kusaidia. Si wote tunajua kila herufi.

Mwalimu Mstaafu, Leicester. Jumatano, saa 2:05 asubuhi

Nimefundisha sekondari za hapa miaka mingi, naomba niseme kidogo.

Mwongozo wa DfE, wizara ya elimu, wa Februari 2024 unazitaka shule zizuie simu siku nzima, pamoja na mapumziko na wakati wa chakula. Umetoa njia nne: simu isiletwe kabisa, au ikabidhiwe asubuhi, au ifungiwe mahali, au mtoto abaki nayo bila kuonekana wala kusikika. Shule ya Mama Kijana imechagua ya nne. Kwa maoni yangu ndiyo ngumu kuliko zote, maana inamwachia mtoto wa miaka 14 kishawishi mfukoni kuanzia asubuhi hadi jioni.

Kuhusu kunyang'anya, sheria ni ya 2006, Education and Inspections Act. Inamlinda mwalimu anayechukua kitu kama adhabu, ilimradi adhabu iwe ya kiasi. Idadi ya siku haitajwi. Shule nyingi zinarudisha jioni ile ile, nyingine zinamtaka mzazi aje, nyingine zinakaa nayo wiki.

Na hili nalisema kwa upendo: simu nyingi nilizosikia zikilia darasani kwangu zilikuwa zimepigwa na wazazi. Mtoto anaona jina la mama, anababaika, darasa zima linageuka. Kipindi kina dakika hamsini, na kuwarudisha watoto thelathini kwenye hesabu kunakula dakika kumi. Wachumi walichunguza hili kwenye shule za miji minne, Leicester ukiwamo, na chuo cha LSE cha London kikachapisha utafiti wao mwaka 2015. Palipopigwa marufuku matokeo yalipanda, na waliopanda zaidi ni wale wanaoachwa nyuma. Naona watoto wetu wengi wanaokuja wakubwa na kuanza kujifunza Kiingereza hapa wako kwenye kundi hilo. Ndiyo maana naipigania sheria hii.

Msomi wa Glasgow. Jumatano, saa 2:40 asubuhi

Mwalimu, heshima yako. Ila watu wakisoma "DfE" wajue ni England tu. Huku Scotland elimu iko chini ya Holyrood, bunge letu, na mwongozo wetu ni wa Agosti 2024, unamwachia mwalimu mkuu aamue mwenyewe. Kila mara kwenye orodha hii mtu anaandika "Uingereza" akimaanisha England, halafu mgeni wa Edinburgh anakwenda shuleni na karatasi isiyomhusu.

Pia kuna utafiti mpya wa Chuo Kikuu cha Birmingham, wa Februari mwaka huu. Shule 30, wanafunzi 1,227. Haukuona kwamba shule zenye marufuku kali zina watoto wenye afya bora ya akili kuliko zile zilizolegeza. Tuuseme nao.

Mwalimu Mstaafu, Leicester. Jumatano, saa 3:00 asubuhi

Umalizie basi. Utafiti huo huo ulikuta kadiri mtoto anavyokaa zaidi na simu na mitandao ndivyo hali yake inavyokuwa mbaya. Ulichoonyesha ni kwamba kumnyima saa za shule peke yake hakutoshi ikiwa usiku analala nayo. Huo si ushahidi wa kuiachia darasani.

Mama Kijana, Coventry. Jumatano, saa 7:20 mchana

Mwalimu, shikamoo. Aliyepiga ni mimi.

HR walinitumia ujumbe mrefu, nikaona neno "suspended" nikashtuka. Nilitaka anisomee. Nilisahau kabisa kwamba ni saa za shule. Baadaye nikaambiwa maana yake ni kwamba nisipoleta share code sitapangiwa zamu. Mtoto hakuniambia kitu. Kwa mwalimu alisema tu "samahani", hakusema aliyepiga ni mama. Nimejua jana usiku nilipomuuliza.

Bado hawajajibu barua pepe.

Mama wa Binti, Milton Keynes. Jumatano, saa 12:50 jioni

Nimesoma hadi machozi. Wangu ana kisukari cha aina ya kwanza. Ana kipimo kilichobandikwa nyuma ya mkono, kinatuma namba kwenye simu kila dakika chache, na mimi nikiwa kazini naona sukari yake. Shule ilipobadilisha sheria Septemba, siku ya pili tu mwalimu wa zamu akamchukulia simu kwenye foleni ya chakula. Kwangu mstari ukakatika. Saa moja na dakika kumi sikujua kama sukari ya mwanangu iko chini, 4, au iko juu, 14. Nilitembea kwa miguu kutoka kazini hadi shuleni, basi niliona litachelewa.

Mwongozo una nafasi kwa watoto wa namna hii, na Sheria ya Usawa ya 2010 inaibana shule. Lakini hakuna aliyeniambia. Niliambiwa na nesi wa hospitali. Sasa ana kadi ya njano kwenye kamba ya shingoni, kila mwalimu anaijua. Kama mtoto wako ana ugonjwa, au ndiye anayemtunza mzazi mgonjwa, iandikwe kwenye faili lake KABLA simu haijachukuliwa.

Baba Pacha, Reading. Jumatano, saa 2:10 usiku

Na si hapa tu. Ufaransa walitunga sheria 2018, Uholanzi nao sheria tangu Januari 2024, Brazil mwaka huu Januari. Dunia nzima inaelekea huko, tukubali tu.

Kaka wa Rotterdam. Jumatano, saa 2:45 usiku

Baba Pacha, Uholanzi hakuna sheria ya bunge. Ni makubaliano ya wizara na shule, kila shule inaandika kanuni zake. Ya kwetu ina makabati madogo ya chuma kila korido, na milango yake haina kelele, wameibandika mpira. Na hiyo ya Ufaransa ni hadi collège, sekondari ya chini; lycée, sekondari ya juu, zinajiamulia. Nimekaa Lille miaka mitatu, naijua.

Msafiri, Manchester. Jumatano, saa 4:30 usiku

Mnanikumbusha bweni. Kwetu ukikutwa na simu ilivunjwa kwa nyundo mstarini, mbele ya shule nzima, na wewe unaokota vipande. Leo hii, miaka ishirini baadaye, naweza kukuonyesha pale kwenye sakafu ya saruji palipokuwa na alama za nyundo.

Lakini kabla ya simu tulikuwa na barua. Mama yangu hakujua kusoma. Aliyemwandikia alikuwa mtoto wa jirani, darasa la sita, mwandiko wa kulala kulia. Mimi nikirudi likizo nilikuwa naitwa nyumba hadi nyumba, nisome barua za watu: nani kafa, nani anadaiwa, nani kaposwa. Nilijua siri za mtaa mzima nikiwa na miaka 13. Ndiyo maana kisa cha Mama Kijana sikioni kipya. Siku zote mtoto aliyesoma ndiye karani wa nyumba. Hapa karani ananyang'anywa kalamu, na aliyeichukua hajui kwamba ilikuwa ya nyumba nzima.

Nawakumbuka sana wale kina mama. Wengi wametutoka.

Dada wa Leeds. Jumatano, saa 4:55 usiku

Karani wa nyumba, kweli kabisa. Na serikali inazidi kutubana. Kadi wametunyang'anya, kila kitu kiko mtandaoni, halafu mwezi uliopita wametoa waraka kwamba ILR, ukaazi wa kudumu, upatikane baada ya miaka 10 badala ya 5, na watu wa kea, wanaotunza wazee, wasiajiriwe tena kutoka nje. Tulioitwa kuja kuwaogesha wazazi wao! Niko mwaka wa nne mimi.

Msomi wa Glasgow. Alhamisi 12 Juni, saa 12:05 asubuhi

Ni pendekezo, bado si kanuni. Na haijaelezwa kama itawagusa waliomo. Tusitishane.

Dada wa Leeds. Alhamisi, saa 12:12 asubuhi

Asiye mwaka wa nne hawezi kuniambia nisiogope.

Mzee wa Fomu, Slough. Alhamisi, saa 12:40 asubuhi

Ndugu zangu, ILR tuifungulie mada yake. Mama huyu ana hadi kesho.

Mama Kijana, achana na simu, omba LAINI. Simu ibaki kwao, adhabu isimame, wao watoe laini tu. Iweke kwenye simu yoyote uliyo nayo, hata ya batani. Ukiingia UKVI chagua namba itumwe kwa ujumbe wa simu. Hakikisha una namba ya hati aliyoitumia kijana kufungulia akaunti, kama ni BRP au pasi, na tarehe yako ya kuzaliwa. Usiende mtandao wa simu kuomba laini nyingine kama huna uhakika mkataba uko kwa jina la nani, utazungushwa. Ukishaingia, kabla hujafanya lolote jingine, badilisha namba na barua pepe ziwe ZAKO.

Baba Pacha, Reading. Alhamisi, saa 12:58 asubuhi

Laini mpya ukipewa ya zamani inakufa, hilo nalo alijue. Na siku hizi simu nyingine hazina laini ya kutoa, iko ndani kwa ndani.

Mzee wa Fomu, Slough. Alhamisi, saa 1:03 asubuhi

Kwa hiyo tuombe Mungu simu ya kijana iwe na laini ya kutoa.

Mama Kijana, Coventry. Alhamisi, saa 2:30 usiku

Alhamdulillahi. Nilifika mapokezi saa mbili kasoro, kabla kengele haijalia. Nilimwandikia yule dada kwenye karatasi, kwa sababu nikizungumza kwa haraka Kiingereza changu kinapotea. Akasoma, akasimama, akaenda ndani. Akarudi na bahasha ya kaki, imeandikwa jina la mwanangu, tarehe, na "3rd" imezungushiwa duara jekundu. Kijana akaitwa. Hatukuwa na kile kijipini, dada akavua hereni yake, akambonyezea. Laini ikatoka. Simu ikarudishwa kwenye bahasha, ikabandikwa selotepu, kijana akatia sahihi.

Nimeingia. Share code imetoka, inaanza na W, HR wamenijibu kwamba Jumamosi niko zamu. Namba nimebadilisha, ni yangu sasa. Barua pepe nimefungua yangu, kijana amekaa pembeni ananielekeza, mikono ameiweka mfukoni, anasema "bonyeza wewe mama".

Msimamizi wa Year 9 hajajibu. Sijui hata sasa kama siku tano ni haki yao au la.

Mwalimu Mstaafu, Leicester. Alhamisi, saa 2:50 usiku

Hongera mwanangu. Simu yenyewe je?

Mama Kijana, Coventry. Alhamisi, saa 2:53 usiku

Bado. Jumatatu.