Mafundo ya manyoya: kuyafumua, kuyapasua kwa kitana cha wembe, au kunyoa mbwa mzima?

Mama Popi
Wakuu, habari za humu. Nina mbwa jike wa aina ya Shih Tzu, mwaka haujatimia, manyoya yanakaribia kugusa sakafu. Kila jioni nilikuwa nampiga brashi, mgongo unang'aa kama hariri, nikajiona fundi. Juzi napitisha vidole nyuma ya masikio, kila upande nakutana na fundo gumu kama kipande cha zulia. Kumkagua vizuri, liko jingine kwenye kila kwapa, na moja kubwa nyuma ya paja. Nikamwogesha nikidhani yatalainika. Yamekuwa mabaya mara mbili.

Nimeona njia tatu: (1) kufumua kwa kitana na kondishna ya kupulizia, (2) kile kitana chenye meno ya wembe, (3) mashine, tunaanza upya. Waliopitia haya, ipi ina nafuu? Kunyoa sitaki, nasema mapema.

Subira
Pole dada. Hapo kwenye kuogesha ndipo ulipoharibu. Umeshaona sweta la sufu lililofuliwa kwa kusuguliwa, linavyonywea na kuwa kama ubao? Fundo nalo ni hivyo hivyo, likilowa na kukauka linakazana. Kwanza unatoa mafundo mbwa akiwa mkavu, kuoga baadaye.

Mimi ni wa namba 1. Bana manyoya kwa vidole kati ya fundo na ngozi, ili ukivuta, mvuto uishie kwenye vidole vyako na siyo kwenye ngozi yake. Puliza kondishna, iache dakika chache iingie. Kisha ligawe fundo kwa vidole, pande mbili, halafu nne. Ndipo uingize ncha ya kitana, ukianzia nchani mwa manyoya na kurudi taratibu kuelekea ngozini, kama unavyofumua nywele za mtoto. Fundo moja la wangu lilinichukua siku tatu, dakika kumi kumi. Akianza kugeuza shingo kuangalia mkono wako, funga kazi ya siku hiyo.

Kijana wa Spanieli
Siku tatu kwa fundo moja! Mimi na kitana cha wembe, dakika tano. Unachomeka meno chini ya fundo, makali yakitazama nje, unavuta kidogo kidogo kama msumeno, linapasuka vipande ambavyo brashi inamalizia. Ubaya wake sifichi: kinakata na manyoya mazima, kwa hiyo panabaki pengo. Kwapani na kinenani sikipeleki kabisa, ngozi ya huko ni nyembamba.

Mzee wa Tomi
Mkasi haujatajwa, acha niutaje ili mtu asiufikirie usiku akiwa peke yake. Nililiinua fundo la nyuma ya sikio, nikakata chini yake. Mbwa hakulia, ila alishtuka tu. Halafu nikaona kijidomo cheupe kimefunguka, urefu wa kucha ya kidole gumba, damu ikafuata baadaye. Nyuzi nne kwa daktari wa wanyama. Ukilivuta fundo, ngozi nayo inapanda kama hema, na kwa macho huwezi kujua imeishia wapi.

Nyoya Refu
Mimi kazi yangu ni hii ya kunyoa na kuchana mbwa, kwa hiyo niseme kidogo. Mnabishana vifaa, na hakuna aliyemuuliza mleta mada swali la kwanza: kitana kinapita chini ya fundo?

Chukua kitana cha chuma. Jaribu kukipenyeza kati ya fundo na ngozi, kikiwa kimelala. Kikipita, chagua namba 1 au 2 kwa kadiri ya muda wako na uvumilivu wa mbwa. Kisipopita, hiyo ni mashine, na wala siyo suala la kupenda au kutopenda. Fundo lililofika ngozini linaivuta kila mbwa anapopiga hatua, chini yake kuna unyevu, na wakati mwingine pana kidonda ambacho hujakiona. Nimewahi kufungua nikakuta funza. Kumfumua mbwa wa namna hiyo ni kumtesa kwa sababu ya urembo.

Kwa mashine tumia meno ya namba 10, yanayoacha kama milimita 1.5. Watu hukimbilia yale ya kuacha manyoya marefu wakidhani ni salama zaidi, kumbe yana nafasi pana na ndiyo yanayonasa mikunjo ya ngozi. Yalaze sambamba na ngozi, usiyaelekeze kwa ncha. Kila baada ya dakika chache yaguse kwa ndani ya kiganja cha mkono, maana yanapata moto na yanaunguza. Kwenye masikio uwe makini zaidi: sikio lililobanwa muda mrefu likiachiwa, mbwa hutikisa kichwa sana, na ncha inaweza kuvimba kwa damu. Ukiona hivyo, nenda kwa daktari.

Kuhusu brashi, Mama Popi, hukuwa mvivu, ila ulikuwa unachana paa la nyumba. Inua manyoya kwa mkono mmoja, shusha safu nyembamba, hakikisha unaona mstari wa ngozi, chana safu hiyo, shusha nyingine. Mwisho pitisha kitana. Kikikwama popote, hujamaliza.

Goldeni Wawili
Nyongeza kwa wasomaji wenye mbwa wa manyoya tabaka mbili, kama Golden Retriever: msimnyoe mwili mzima kwa ajili ya mafundo matatu. Tabaka la ndani huwahi kuota, la juu linaweza kurudi kwa viraka. Nyoa fundo tu. Shih Tzu hana shida hiyo, yake yanaota tena.

Mama Popi
Nimefanya jaribio la kitana. Masikio na paja kimepita kwa kubembeleza. Makwapa, hapana, hata jino moja halikuingia. Na nimegundua kitu: mikanda yake ya kifuani inapita palepale, na anaivaa mchana kutwa hata akiwa ndani.

Nyoya Refu
Umeshapata jibu. Nyoa makwapa. Na umri huo ndio manyoya ya utoto yanapisha ya utu uzima. Yaliyokufa yanabaki humo humo na kujisokota kwenye mazima. Kwa miezi hii mchane kila siku. Baadaye patakuwa na unafuu.

Mama Popi
Mrejesho, wakuu. Sikio moja limekula jioni mbili kwa njia ya Subira, jingine jioni moja. La paja lilinishinda, nikaazima kitana cha wembe: limetoka, na pengo nimeliona, Kijana hakunidanganya. Makwapa nimempeleka akanyolewa, maana mkono wangu na mashine sijauamini bado. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu kama imepigwa kofi. Usiku ule alilala chali miguu hewani, kitu ambacho hajafanya tangu sijui lini, nikajisikia vibaya kidogo.

Kijana wa Spanieli
Na mikanda?

Mama Popi
Iko msumarini nyuma ya mlango. Anavaa akitoka tu.