Mwanangu ana kifafa, wanataka kupeleka data zake nje. Nisaini?

mamaJunior_Pasua
Habari zenu wapendwa. Niko Moshi, mwanangu ana kifafa, dawa anakunywa vizuri tu lakini bado anaanguka hasa alfajiri. Kliniki wana utafiti, mwanzo nilikubali, sasa wameleta fomu nyingine eti kile kipimo cha nyaya kichwani, MRI (ile mashine ya picha za ndani ya kichwa), damu ya kupima vinasaba na video waliyomrekodi akianguka pale wodini, vyote washee na wanasayansi wa Uingereza na Marekani. Baba yake hataki hata kusikia, anasema mtoto ataishia mitandaoni. Mi natamani tujue shida ni nini. Nishaurini jamani.

data_clerk_KLM
Pole dada. Mi kazi yangu ni kuingiza data za tafiti. Kifafa cha vinasaba kina aina nyingi na zingine adimu sana, hospitali moja inaweza kuwa na mtoto mmoja tu wa aina hiyo, mpaka awekwe pamoja na wa nchi zingine ndo wanaona kitu. Na inabadilisha matibabu kabisa, mfano mtoto mwenye Dravet, aina kali ya kifafa cha utotoni ambayo mara nyingi inatokana na hitilafu kwenye jeni (kipande cha vinasaba) inayoitwa SCN1A, ukimpa kabamazepini, ambayo nayo ni dawa ya kifafa, anaweza kuzidi kuanguka. Halafu data za vinasaba zilizopo duniani nyingi ni za wazungu, lab ikikuta badiliko kwa mtoto wetu wanashindwa kujua kama ni ugonjwa au ndo tulivyo.
Ila baba mtoto ana hoja. Jina wanatoa wanaweka namba, sawa, lakini video ina sura, na hata MRI ya kichwa kompyuta inaweza kuchora uso kutoka humo, ndo maana kuna programu za kufuta uso kabla ya kutuma. Waulize kama wanatumia.

Mangi_Machame
Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na inafanya kazi tangu Mei 2023, taarifa za afya na za watoto zina ulinzi wa ziada. Data au damu haitoki hivi hivi, lazima mkataba upite NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Waombe wakuonyeshe hicho kibali, ni haki yako usiogope.

anaishi_nacho_Arusha
Mi kifafa ninacho tangu shule ya msingi. Kuna utafiti niliwahi kuingia wakachukua damu wakaondoka, majibu sijayaona mpaka leo na hiyo inauma kuliko sindano. Kwa hiyo uliza wakipata kitu kuhusu mtoto nani atakupigia. Na uliza ukibadili mawazo inakuwaje, maana data zikishachanganywa na za wengine kuzirudisha ni ngumu sana.
Lakini sikatai kushea. Ule ugonjwa wa watoto kutikisa kichwa ulielezwa Mahenge miaka ya 1960 na daktari Louise Jilek-Aall, baadaye ukaonekana Sudan Kusini na Uganda, bila watu kulinganisha kila mmoja angebaki anahangaika kivyake.

mamaJunior_Pasua
Asanteni sana, nimeisoma fomu tena na kweli kila kitu kina kiboksi chake cha ndiyo au hapana. Nimemsomea baba yake majibu yenu, damu na nyaya amekubali, video amesema hapana na mi naungana naye. MRI tunasubiri wajibu hilo la uso, kliniki ni Jumanne.

data_clerk_KLM
Vizuri dada. Kabla hujasaini omba na nakala ya fomu ubaki nayo, na namba ya simu ya kamati ya maadili ya utafiti iwe imeandikwa humo.