Mjadala: KICC iuzwe au ibaki mikononi mwa umma?

Kila KICC, jumba la mikutano la kimataifa la Kenyatta jijini Nairobi, inapotajwa, hoja ni ileile: serikali haijui biashara, kumbi zimechakaa, wateja wanakimbilia hoteli za Westlands, basi apewe mwekezaji. Novemba 2023 Wizara ya Fedha ililiweka jumba hilo kwenye orodha ya mashirika 11 ya kubinafsishwa, pamoja na Kenya Pipeline ya mafuta na New KCC ya maziwa.

Mimi napinga, na sababu yangu si mapenzi ya majengo ya zamani. Mwekezaji wa kweli hataki viti vya ukumbini. Anataka ardhi. Eneo la maegesho pale kando ya Barabara ya Harambee, hatua chache kutoka Bunge, ndilo linalomtoa mate. Mnara wenyewe ni turathi ya taifa na kuubomoa ni vita. Kumega kiwanja ni kazi ya kimyakimya.

Na Nairobi tumeshauona mchezo huu. Jengo lilikamilika 1973, likapokea mkutano wa Benki ya Dunia na IMF mwaka uohuo, kisha likaangukia mikononi mwa KANU, chama tawala cha wakati huo, mpaka serikali ya Rais Kibaki ilipolitwaa 2003. Mwaka 1989 ilikuwa zamu ya Uhuru Park, bustani ya umma katikati ya jiji, serikali ya KANU ilipotaka kusimamisha mnara wa ghorofa 60. Bila upinzani wa mwanamazingira Wangari Maathai, leo tungekuwa tunalipia kivuli.

Kuna wanaosema ni zege tu. Hao waende siku ya mahafali. Familia nzima imeshuka kutoka kaunti za mbali, mhitimu yuko ndani ya joho, mpiga picha anawapanga mbele ya sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta huku sampuli za picha zikining'inia shingoni mwake. Halafu panda juu ya paa: kila mtu hutafuta mtaa wake kwanza, ndipo atazame vilima vya Ngong. (Watu wa Eastlands hubishana sana huko juu.)

Hoja moja ya upande wa pili ina uzito: serikali yenyewe inajenga ukumbi mkubwa wa mikutano pale Bomas, humuhumu Nairobi, kwa hiyo KICC itapoteza wateja zaidi. Ni kweli. Lakini dawa yake ni kukodisha uendeshaji wa kumbi kwa kampuni inayoijua kazi, kwa mkataba wa miaka michache unaoweza kuvunjwa, hati miliki ikibaki kwa umma. Na wizara zikifanya mikutano yao pale zilipe kama mteja mwingine yeyote.

Septemba 2024 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Ubinafsishaji ya 2023 kwa kukosa ushirikishaji wa umma, na ikagusia pia hadhi ya KICC kama turathi. Wengine walishangilia kana kwamba mambo yamekwisha. Sheria hutungwa upya, kama ilivyotungwa 2025, na safari ijayo vikao vya kukusanya maoni vitaitishwa, hata kama ni saa tatu asubuhi siku ya kazi.

Kwa hiyo mnaounga mkono uuzaji, nijibuni hili tu: mnunuzi akishapata hati, ni kifungu gani kitakachomzuia kufunga lango la kwenda paani na kuyageuza maegesho kuwa maghorofa ya kukodisha? Msinitajie nia njema ya mwekezaji. Nitajieni kifungu.