Majani ya Amani au ya Kericho? Nanunua kilo 5 kesho

Mwana_Ngamiani
Wadau habari zenu. Nafungua kigenge cha chai huku Ngamiani, Tanga mjini, kesho nachukua majani ya kupima kilo 5. Nipo njia panda, vipunje vya milimani kwetu Amani au vya Kericho, Kenya, vinavyoingia kwa mpaka wa Horohoro. Kuna mtu kanitajia na yale majani marefu ya Ceylon, yaani Sri Lanka. Yapi mazuri?

Mama Hamri
Mazuri kwa chai gani? Ya maziwa au ya rangi? Maji ya bomba au kisima? Hujasema kitu mwanangu, watu wakujibu nini.

BinMuheza
Chukua ya Amani. Mjerumani kaweka kituo chake cha utafiti wa mazao pale tangu 1902. Halafu maji ya bomba ya Tanga yanatoka Mabayani, mto Zigi, unashuka milima hiyohiyo. Majani na maji ndugu tumbo moja, Kericho unafuata nini

Fundi Birika
Undugu hauongezi rangi kaka 😂 Vipunje vya Amani na Kericho vyote vimesagwa, vinatoa rangi chapchap na vinabeba maziwa. Yale marefu yamekunjwa tu, rangi nyepesi ila harufu yake tamu, unamwagia maji yaliyochemka, unafunika dakika 4 hivi, unachuja. Ukiyatokosa na maziwa na tangawizi umetupa hela.

Mwana_Ngamiani
Samahani, ya rangi ndo nyingi. Maji ya kisima, bomba halijafika uani kwetu.

Mama Hamri
Si ndo nilouliza! Kisima kikiwa na munyu chai inakuwa nyeusi tii, juu inafanya utando, ladha imelala. Nunua ndoo mbili za bomba za chai tu, kisima oshea vikombe.

Shemeji wa Pongwe
Mimi nna kisa. Mwaka juzi khitma ya marehemu baba, nikatumwa majani, nikaona duka moja wanapima bei chee, gunia liko wazi, nikabeba kilo mbili najiona mjanja, kumbe lile gunia siku zote limeegemea katoni za sabuni ya kufulia na majani ya chai yanavuta harufu hakuna mfano. Alfajiri shangazi kapika sufuria kubwa, katia hiliki, katia mdalasini, watu wamemaliza kusoma, vikombe vimegawiwa, mzee mmoja kapiga funda, kachungulia ndani, kaniuliza polepole "mjukuu wangu, hiki kikombe kimesuuzwa?" Nikakirudisha. Mara na wa pili. Vikombe vyote vikarudi jikoni, kina mama wakaanza kununiana nani kaosha, hadi shangazi akaja kunusa ule mfuko. Mpaka leo kule naitwa Bwana Sabuni. Kesho chota kiganjani, pumulia, nusa.

BinMuheza
Pole 😂😂 ila hayo hayakuwa ya Amani

Shemeji wa Pongwe
Yalikuwa ya Amani.

Fundi Birika
Na hiyo hiliki ndo ilichelewesha watu kugundua. Mnaificha chai na viungo.

Mama Hamri
We fundi chai bila hiliki ni maji ya moto, wacha.

Mpwa_Chumbageni
Sturungi haitiwi kitu bibi. Labda mchaichai.

Mama Hamri
Bibi yako nani?

Fundi Birika
Mwana_Ngamiani usinunue kilo 5. Chukua robo robo, kijiko kimoja kwa kikombe, muda uleule, onja. Ukipima gramu 2 na nusu, kilo inatoa vikombe 400, sasa 5 za nini kabla hujajua wateja wako?

Mwana_Ngamiani
Nimekuelewa ila kuna jamaa wa Kericho keshanipimia mbili, hela nimetoa nusu

Mpwa_Chumbageni
Barabara ya ngapi tuje? Vitumbua vipo?

Mwana_Ngamiani
Ya 12. Mke wangu anasema tuanze na mihogo.

Mama Hamri
Mihogo na chai ya kisima. Haya.