Yule dada wa kupima presha ni nesi au ni nani jamani??? Nimevurugwa

Kitinda Mimba wa Kibosho

Wakuu habari za muda huu, kama zenu ni nzuri shukuruni, mimi naandika niko ndani ya haisi mkono unatetemeka.

Jina simtaji. Mnamjua. Ukiingia tu pale zahanati, mlango wa kulia, yule mwenye kucha ndefu kama miiko ya pilau, sare ya maua, kitambulisho kimegeuzwa nyuma siku zote za Mungu. Nusu ya Moshi mmeshapita mikononi mwake na wengine mlitoka na presha ambayo hamkuingia nayo.

Sasa leo. Nimemshusha bi mkubwa kutoka Kibosho saa 11 alfajiri, na hii baridi ya mwezi wa 7 mnaijua, kavaa sweta mbili, kitenge, na shuka juu, gunia la kahawa linalotembea. Tumefika tukiwa namba 4 tukaitwa namba 31, hilo tuliache. Tunaingia, dada anatafuna karanga. Shikamoo hakuna, mama ana miaka 74! Anachukua mkanda wa mashine anaufunga JUU YA SWETA. Sweta zote mbili. Mashine inavuta upepo, inavutaaa, inalia tiii, inaandika E. Anabonyeza tena. E. Anarusha karanga mdomoni, anamgeukia mama, mlango uko wazi na benchi limejaa watu, anasema kwa sauti ya mnadani:

"Bibi mbona mashine haikuoni, ulishakufa nini?"

ULISHAKUFA NINI.

Benchi zima chali. Kuna mzee alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Na mama naye akacheka, kile kicheko cha mtu mzima asiyetaka kukuaibisha, huku anakunja kale kamfuko kake ka dawa taratibu. "Mwanangu twende." Yaani mtu kaja kuangaliwa presha kapewa taarifa ya msiba wake mwenyewe.

Nikauliza, samahani dada, wewe ni nesi? Akajibu "mimi ni mtu wa afya." Mtu wa afya! Hata mimi ni mtu wa afya, nimekunywa mtori asubuhi. Jina lako nani? Kimya, anatafuna. Nikamwambia basi mvue sweta umpime upya, akasema "kwani wewe ndo dokta?" Nikaenda kwenye sanduku la maoni, lina kufuli, kufuli lina kutu, na juu yake wameweka kikombe cha chai.

Ninachouliza mimi ni hivi, dokta ana leseni, nesi ana leseni, hata bodaboda akinigonga nasoma namba mgongoni kwenye kizibao chake. Huyu daftari lake analo nani? Maana wakimtimua hapa, Jumatatu yuko zahanati nyingine na sare ile ile ya maua anawaambia wazee wa watu wameshakufa.

Ulishakufa nini. Kwa mama wa watu. Huku anatafuna.

Meku wa Mbuyuni

Pole sana mangi. Ila ile E kwenye mashine ilikuwa inasema Embu vueni sweta 😂😂

Dada Sukari

Nimecheka ofisini bosi kaniangalia. Mimi huyo huyo aliniambia "presha yako ya kiume hii." Mpaka leo sijajua nilisifiwa au nilitukanwa.

Sista wa Zamu ya Usiku

Mimi ni nesi, naomba msituchanganye. Kwenye kupima presha mgonjwa anakaa dakika 5 katulia, mkono wazi bila nguo, mkanda usawa wa moyo, na hakuna kuongea wakati mashine inapima. Mtoto wa mwaka wa kwanza analijua hili. Sisi tuko chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kuna sheria ya 2010, nikiharibu kazi naitwa najieleza na leseni inaweza kwenda. Yeyote asiyekuwa kwenye rejista asijiite nesi, na nyie mkome kumwita kila aliyevaa sare "sista". Muulizeni cheo. Kwa huyo hapo mtafuteni mganga mfawidhi, yule mkuu wa kituo, sanduku achaneni nalo.

Chalii wa Ngarenaro

Sista umeandika kama lile bango la ukutani lenye picha ya mtoto ananawa mikono. Mganga mfawidhi ndo mwenye kile kikombe cha chai.

Kitinda Mimba wa Kibosho

@Sista asante ila hujanisikia. Yeye KAKATAA kusema cheo. Kasema mtu wa afya. Halafu ulishakufa nini!!

Ndugu Yenu wa Leicester

Wakuu huku Uingereza ni yale yale. Mimi ni kea, nawaosha wazee, nawalisha, nawapima presha, na hakuna baraza linalonijua. Kulikuwa na kashfa kubwa ya wagonjwa kutelekezwa hospitali ya Stafford, ripoti ya uchunguzi wake, ya Francis, 2013 ikataka wasaidizi kama sisi tusajiliwe wote. Serikali haikufika huko, 2015 wakaleta cheti cha mafunzo ya mwanzo, basi. Waliokuja kusajiliwa ni wale wasaidizi wa nesi wenye cheo kipya, kuanzia 2019. Mwenzangu mmoja alimfokea bibi wa watu akafukuzwa, wiki iliyofuata nikamkuta nyumba nyingine ya wazee ananipa hai.

Chalii wa Ngarenaro

Kumbe unafuta wazee? Si Desemba ulituambia uko "menejimenti"??

Ndugu Yenu wa Leicester

Nilisema menejimenti ya wagonjwa. Soma vizuri chalii.

Mama Machela

Nimevumilia ila ngoja niseme. Mimi ni mhudumu, siyo nesi na sijawahi kujiita nesi. Nasukuma machela, nadeki damu, maiti saa 8 usiku naisindikiza mimi. Nesi yuko mmoja wodi nzima, ananiambia "mama nipimie hao nakuja", haji. Hiyo mashine nilifundishwa na mgonjwa! Nisajilini hata kesho, ila mnifundishe kwanza, mnanitaka nijue vya nesi na mshahara wa mdeki.

Meku wa Mbuyuni

NDO YEYE HUYU. Angalieni kama kuna ganda la karanga kwenye meseji.

Mama Machela

Nina miaka 52 na kucha sina, zimeliwa na klorini.

Sista wa Zamu ya Usiku

Mama ana hoja, hata mimi nimeshawahi kusema "nakuja".

Kitinda Mimba wa Kibosho

Mama shikamoo, wewe sikusemi, nakuheshimu. Nasema yule. Angefunga tu huo mkanda juu ya sweta akanyamaza ningesamehe, ila

Mtoto wa Pasua

Na hawa wahudumu wa afya elfu 137 wa ngazi ya jamii, wa ule mpango uliozinduliwa 2024? Wa mtaani kwetu alikuja na begi zuri, akauliza choo kiko wapi, sijui ni swali la kazi au kabanwa.

Dada Sukari

Afadhali wako kaja. Mimi muuza duka la dawa ananipa antibayotiki vidonge 4, namuuliza dozi anasema "ukipona acha." Halafu chenji ananipa pipi.

Chalii wa Ngarenaro

Hayo ni ya Moshi. Chuga, huku Arusha, pipi walishaacha, tunapewa plasta.

Mtoto wa Pasua

Chuga nyamazeni, mji una vumbi kama machimbo. Huku ukitupa ganda la ndizi unakamatwa.

Chalii wa Ngarenaro

Ndo maana mama wa watu kaambiwa kafa, mmemaliza kufagia takataka mmeanza kufagia wazee.

Kitinda Mimba wa Kibosho

Jamani tunaongelea PRESHA. Bi mkubwa kafika nyumbani, kagoma kliniki. Baba kamuuliza umepimwa ngapi, kamjibu "wamesema nilishakufa, leo chakula pika wewe."

Dada Sukari

Mkuu samahani nje ya mada. Hizo sweta ni za soko la mitumba la Memorial? Nzito kweli? Hii baridi itatuua.

Meku wa Mbuyuni

Memorial wahi saa 1, wakati wanafungua belo. Upande wa viatu usiende, wezi.

Dada Sukari

Wezi wa mfukoni au wa bei?

Meku wa Mbuyuni

Wote.