Buti za ngozi za porini zinapitisha maji, nifanyeje zidumu?

trekka_wa_Rungwa
Wakuu habari za majukumu. Mimi ni trekka, yaani mfuata nyayo za wanyama, kwenye kampuni moja ya uwindaji wa kitalii huku Rungwa, msimu unafunguliwa tarehe 1 Julai kwa hiyo naandaa vifaa mapema. Nina buti aliniachia mgeni mmoja alipomaliza safari yake, buti haswa, nzito, zinapanda juu ya kifundo, ngozi nene siyo hizi za kubandua plastiki. Shida zimeanza kupitisha maji, asubuhi tukiingia kwenye majani yenye umande nusu saa tu soksi chapachapa, na pale mbele panapokunjika ukipiga hatua pamekakamaa na vinyufa vidogo vidogo vimeanza. Kambini wote tunaanika buti pembeni ya moto sababu gari linaondoka saa kumi na moja alfajiri, na kiwi napaka kila wiki zinang'aa vizuri tu ila maji yanapita vilevile. Kuna dawa gani? Maana mpya za aina hii kwa mshahara wangu ni ndoto, na Novemba mvua zikianza lile tope jeusi la mbugani linakushika mguu mpaka ugokoni.

mtoto_wa_Sinza
Paka mafuta ya mgando mkuu, au oili ya gari ile chafu, maji hayagusi. Kwisha habari

mzee_wa_pori
Oili ya gari usiguse kabisa kijana, inalainisha mpira wa soli na gundi inaachia, mwezi haujaisha soli inacheka. Mafuta ya mgando hayana ubaya sana ila hayakai, ukikatiza kwenye majani marefu mara moja yamefutika na yaliyobaki yanakamata vumbi.

Sasa nikwambie, anayekumalizia buti ni huo moto, siyo umande. Ngozi ikitoka kiwandani inakuwa imeshatiwa mafuta ndani kwa ndani, ndiyo yanafanya ikunjwe na kukunjuka bila kukatika. Ukiiloanisha halafu ukaibanika, maji yanatoka haraka, ngozi inasinyaa, inabaki kavu kama dagaa wa Kigoma, na pa kwanza kupasuka ni hapo hapo kwenye mkunjo. Na gundi ya soli nayo haipendi joto. Kambini kwangu sheria ni moja, buti haikai karibu na moto kuliko pale ambapo mkono wako mtupu unaweza kukaa muda wote bila kuhisi joto kali.

Ukirudi jioni fanya hivi. Osha tope siku hiyo hiyo, usingoje likauke, maana lile tope jeusi likikauka linanyonya mafuta ya ngozi. Tumia brashi laini na maji ya kawaida, pitisha vizuri pale ngozi inapokutana na soli, ndipo mchanga unapojificha na kusaga uzi. Sabuni ya unga hapana, kama ni lazima tumia kipande kidogo cha sabuni ya kawaida. Halafu toa ile soli ya ndani, legeza kamba mpaka tundu la mwisho, vuta ulimi utoke nje, jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa mpaka kwenye vidole. Baada ya saa moja yatoe yatakuwa yameloa, weka mengine ulale nayo. Asubuhi itakuwa na unyevu kidogo, siyo maji, vaa soksi kavu uende kazini. Ukipata jozi ya pili ya kubadilishana, hata ya mtumba, zote mbili zitaishi zaidi maana kila moja inapata siku ya kukauka hadi ndani.

Na buti ilale ndani ya hema. Ngozi yenye jasho fisi anaipenda sana, na wale wanaopaka mafuta ya nyama ndiyo wanamtengea mezani kabisa, panya naye anakuja.

fundi_kiatu_AR
Mzee kamaliza upande wa kukausha. Mimi naongezea kabla hujapaka chochote jua kwanza maji yanapita wapi, watu wanapaka buti nzima kumbe tatizo liko sehemu moja. Chukua beseni, weka maji yafike juu kidogo ya soli, ndani ya buti tandika karatasi kavu kisha isimamishe humo na uwe unachungulia. Karatasi ikiloa ukingoni ni kiungo cha soli, ikiloa mbele ni mkunjo au mshono wa vidole. Pia tazama ulimi, kama umeshonewa pembeni kama mfuko, angalia ule mshono umeishia wapi, maji yakipanda juu ya hapo hakuna dawa itakayosaidia.

Halafu hii tabia ya kununua kiatu na kukimbilia kwa fundi akizungushie uzi kwenye soli, kwa kiatu cha mjini sawa, kwa buti ya maji mwambie fundi asubiri. Kila tundu la sindano linalotokea ndani ni njia ya maji. Kama soli imeanza kuachia na lazima ishonwe, dai uzi wa nailoni uliopitishwa kwenye nta, na baada ya kushona asugulie nta kwenye matundu yote.

Kingine, bonyeza kwa dole gumba pale katikati ya soli ya chini na ngozi, buti nyingi za kisasa pana tabaka la povu. Lile povu linakufa lenyewe kwa unyevu na miaka hata kama buti haijavaliwa, linamomonyoka kama makombo. Likibonyea na kuacha ufa, peleka wakubadilishie soli nzima kabla ya msimu, isije ikakubandukia porini.

Vile vinyufa usitegemee vifunge, ukivilisha mafuta mapema havitaendelea basi.

Nyeri_na_milima
Sasa wadau. Huku kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977 lakini buti ni buti, mimi huvaa za ngozi nikienda Aberdare na huko ni baridi, mvua na tope yenye haishi. Ndugu yangu angalia kama hizo buti ziko na Gore-Tex, huwa kuna kilebo kidogo pembeni ama kwa ulimi. Hiyo ni utando mwembamba uko katikati ya ngozi na kitambaa cha ndani, jasho linatoka lakini maji hayaingii. Kama iko, kuna siku utadhani buti inavuja na ni jasho lako mwenyewe, ngozi ya nje imelowa chepechepe hadi jasho halina pa kutokea. Hiyo usiizamishe kwa mafuta mazito, paka kidogo tu. Na mchanga ukiingia ndani kung'uta, ndio hutoboa huo utando pale kwa kisigino.

trekka_wa_Rungwa
Mzee shikamoo, na wote asanteni sana. Kilebo cha Gore-Tex hakuna, ni ngozi na bitana ya ngozi ndani. Nimefanya ile ya beseni, soli iko safi, karatasi imeloa kwenye mkunjo na kwenye mshono wa vidole. Povu limekaza bado. Sasa hiyo nta naitumiaje, inapakwa hivyo hivyo ilivyo?

nta_ya_Sikonge
Hapo ndipo penyewe, sisi wa Tabora nta siyo ya kutafuta. Nta peke yake ni ngumu, ukiipaka hivyo inakaa juu na kuvunjika pale kwenye mkunjo, lazima uichanganye na mafuta. Mimi natumia nta fungu moja na mafuta ya nyonyo mafungu mawili.

Ukinunua kwa wafugaji nyuki angalia iwe imechujwa. Kama bado ina takataka, iyeyushe kwenye maji ya moto, chuja kwa kitambaa, iache igande, itaelea juu na uchafu utabaki chini yake, unaukwangua kwa kisu. Kisha weka nta na nyonyo kwenye kopo, kopo liweke ndani ya sufuria yenye maji, sufuria ndiyo ikae jikoni. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 63 hivi, maji yasichemke kwa fujo, na usithubutu kuweka kopo moja kwa moja kwenye moto, inawaka hiyo. Ipua, koroga mpaka ianze kuganda. Ikipoa iwe ngumu kiasi cha kiwi, ikiwa laini sana ongeza nta maana huko kwenu Oktoba jua litaiyeyusha yote.

Kiwi ya zamani itoe kwanza kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, dawa haipenyi juu ya kiwi. Buti ikishakauka kabisa iweke kwenye jua la asubuhi ipate uvuguvugu tu, halafu paka kwa vidole siyo kwa brashi, joto la mkono linaisukuma ndani. Kwenye ule mshono wa vidole ingiza kwa ukucha. Acha ilale, kesho futa iliyobaki juu, rudia mkunjo na mishono mara ya pili. Usizidishe mafuta lakini, ngozi ikilegea sana buti haishiki tena kifundo.

mzee_wa_pori
Marahaba mwanangu. Nyonyo ni nzuri, ila mafuta ya kula usijaribu yanachacha. Na siku mkiingia kwenye maji yanayopita juu ya buti sahau habari ya nta, maji yakishaingia kwa juu hayana pa kutokea. Siku hiyo mimi navaa viatu vya turubai vyenye matundu pembeni, yanaingia yanatoka, na buti zinabaki kwenye gari.

trekka_wa_Rungwa
Nimeelewa. Swali la mwisho, hizi ni rangi ya kahawia ya mwangaza, hiyo nta haitazibadilisha?

nta_ya_Sikonge
Zitakuwa nyeusi nyeusi kidogo na hazirudi tena rangi ya mwanzo. Paka kwanza kwenye ulimi kwa ndani, ngoja siku moja uone kama umeridhika nayo. Ukishaanza msimu dondoshea tone la maji kila Jumapili hivi, likikaa duara juu acha, likinywewa paka tena.