Tupeane uzoefu: maswali ya kuchagua kuhusu utumwa wa Atlantiki na Matengenezo ya Kanisa

Mleta mada, Ohio
Ndugu zangu, binti yangu anajiandaa kwa mtihani wa AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari Marekani) wa historia ya dunia, wenye maswali 55 ya kuchagua yanayojibiwa kwa dakika 55, nayo huambatana na dondoo la waraka, ramani au picha. Majina na miaka anayo kichwani, lakini yakija masuala ya utumwa na ya Martin Luther, mtawa Mjerumani aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, anababaika kati ya majibu mawili. Waliopitia njia hii watueleze walivyofanya.

Mwanafunzi wa chuo, Minnesota
Shikamoo, mama. Nilichogundua ni kwamba jibu la mtego mara nyingi huwa jambo la kweli ambalo halijibu swali lililoulizwa. Chukua sheria ya Virginia, koloni la Waingereza huko Amerika Kaskazini, ya mwaka 1667, iliyotamka kwamba ubatizo haumtoi mtumwa utumwani. Ukiulizwa kwa nini ilitungwa, utakuta chaguo linalosema wakoloni walitaka Ukristo uenee, na sheria yenyewe inalitaja hilo waziwazi. Lakini mwaka 1656, katika koloni lilelile, Elizabeth Key, mwanamke ambaye mama yake alikuwa mtumwa Mwafrika, alikuwa amepata uhuru wake mahakamani, na miongoni mwa hoja zake ni kwamba alikuwa Mkristo aliyebatizwa, tena binti wa Mwingereza. Mwaka 1662 ikaja sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake, hata baba akiwa Mwingereza, na miaka mitano baadaye mlango wa ubatizo nao ukafungwa. Ukizipanga hizo tatu kwa mfuatano, unaona kwamba wenye mali walikuwa wakilinda mali yao, hata pale walipozungumza lugha ya dini. Tangu hapo, kabla ya kutazama machaguo, nilikuwa nikijiuliza mwandishi wa waraka ana maslahi gani.

Mwalimu wa sekondari, Morogoro
Wanafunzi wangu huanguka zaidi kwenye Mapatano ya Augsburg ya mwaka 1555, yaliyosuluhisha Wakatoliki na Walutheri wa Ujerumani. Wakiona neno «uhuru wa dini» wanalichagua mara moja, ilhali aliyepewa hiari ni mtawala, achague Ukatoliki au Ulutheri kwa ajili ya eneo lake lote, na raia asiyeridhika aliruhusiwa kuhama. Wafuasi wa Calvin, mwanamatengenezo mwingine wa Kanisa, hawakuhesabiwa kabisa. Vivyo hivyo kwa Luther mwenyewe: hoja zake 95 za mwaka 1517 zilishambulia biashara ya hati za rehema (vyeti vya Kanisa vya kupunguziwa adhabu ya dhambi), lakini wakulima wa Ujerumani walipoasi mwaka 1524 na 1525 aliwaandikia watawala wawakandamize. Kwa hiyo chaguo linalomfanya mtetezi wa usawa wa kijamii nalifuta bila kusita.

Mzazi, Dar es Salaam
Kwenye ramani za biashara ya utumwa, mwambieni atazame unene wa mishale, maana ndio unaoonyesha wingi wa watu. Kati ya Waafrika zaidi ya milioni 12 waliopakiwa melini, waliofikishwa moja kwa moja Amerika Kaskazini bara hawakufika 400,000, na Brazil ndiyo iliyopokea wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Anayesoma Marekani hulisahau hilo kwa urahisi, kwa sababu darasani husikia habari za Virginia kila siku.

Mwanafunzi wa chuo, Minnesota
Mzazi amesema kweli. Niongeze Bartolomé de las Casas, padri Mhispania, kwa kuwa huulizwa sana. Aliwatetea wenyeji wa Amerika, hata kwenye mdahalo wa Valladolid, Hispania, wa mwaka 1550 na 1551 kuhusu namna ya kuwatendea, lakini miaka ya awali alikuwa amependekeza Waafrika waletwe kufanya kazi badala yao, pendekezo alilolijutia baadaye. Chaguo likisema alipinga utumwa wote tangu mwanzo, aliache. Na asiache swali lolote wazi, mama, kwa maana kwenye mtihani huo jibu lisilo sahihi halipunguzi alama.